Mashine ya Ami: maji yanaingilia wapi?

Jumamosi, maji mafu (bahari haijai sana wala haikupwi sana)

Naandika kwa sababu mara ya mwisho nilipofungua kitu cha Ami, ndugu ya baba, bila kuandika chochote, nilibaki na skrubu mbili mkononi na redio isiyosema. Safari hii ni mashine ya boti. Skrubu mbili zikibaki mkononi, mtu atalala Mkanda, kwenye mlango wa mikoko, na mbu.

Mashine ni ya farasi 15, stroki mbili, silinda mbili, ya Kijapani. Umri wake hakuna aujuaye. Ami aliinunua kwa mtu wa Kizingitini, naye alikuwa ameinunua kwa mtu mwingine, na rangi ya mguu, ile sehemu inayozama majini, imekwanguka hadi aluminiamu inaonekana nyeupe kama mfupa. Kichwa chake hakina neno: mvuto wa pili inawaka, inatoa moshi kidogo, inatulia. Ubaya uko chini, kwenye giaboksi, mahali ambapo hakuna anayechungulia kwa kuwa muda wote pako ndani ya maji. Ami anasema imeanza kulia inapoingia gia ya mbele, na kwamba kila wiki mbili anabadilisha oili "kwa usalama". Mtu habadilishi oili ya gia kila wiki mbili kwa usalama. Anabadilisha kwa kuwa anajua kuna jambo na hataki kuambiwa.

Mimi ni fundi wa simu, kibanda changu kiko Langoni, hapa Lamu. Mashine za boti nimezijua kwa kukaa juu yake, si kwa kuzifungua. Lakini maji yakiingia pasipotakiwa, hiyo ni kazi ninayoifanya kila siku, tofauti ni ukubwa wa nati.

Tumeishusha gatini, punda akaibeba hadi nyumbani, nami nimeifunga wima kwenye kigogo hapa kiwandani, yaani uani. Mama ametoa sharti moja: tone la oili likigusa sakafu, mashine inalala usitani, nje njiani.

Niliiacha isimame saa tatu nzima kabla ya kugusa skrubu. Hii nilishauriwa na fundi mmoja wa pwani ya Wiyoni, na ni ushauri mzuri, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili, ukiyapa muda yanashuka chini. Giaboksi ina skrubu mbili, ya chini ya kumwagia na ya juu ya kupumulia. Nikalegeza ya chini peke yake, robo mzunguko hivi, nikaweka kijiko cheupe. Kilichotoka kwanza ni maji, maji hasa, kama kijiko na nusu. Nikaonja kwa ncha ya ulimi ili nijue kama ni ya chumvi. Ni ya chumvi. Pia ni ya yai bovu, maana oili ya gia ina salfa ndani yake, na ladha hiyo ninayo mpaka sasa hivi naandika. Asionje mtu.

Kisha nikafungua ya juu, ukaja uji. Rangi ya chai ya maziwa iliyozidishwa maziwa. Hapo hakuna cha kubishana: oili iliyochoka huwa nyeusi, haiwi maziwa. Maziwa ni oili na maji vilivyopondwa pamoja na meno ya gia mpaka vikakubaliana. Nimeijaza chupa ya jamu na kuiweka dirishani nione itatengana kiasi gani. Kwenye ncha ya skrubu ya chini palikuwa na vumbi la chuma laini, kama wanja. Vumbi si neno. Vipande vingekuwa neno.

Ami alikuja baada ya Alasiri, akainua chupa akaitazama kwenye mwanga.

"Oili hii imechoka tu, mwanangu."

"Ami, haya ni maji."

"Mai kidogo," akasema. "Mashine i baharini, itakosaje mai?"

Jumapili

Nimetoa propela. Ami huiita rafadha, na nikisema propela hujifanya hasikii.

Pini ya nati ilikuwa imeoza, ikakatika kwa koleo. Nati ikatoka, propela ikatoka kwa kugongwa na kipande cha mbao ya mkoko, kisha washa nene, pete bapa ya chuma, iliyo nyuma yake. Nyuma ya washa ile ndipo nilipokuta kitu ambacho kwa mara ya kwanza nilidhani ni sili iliyoyeyuka. Pete ngumu, ya kijani chafu, imeizunguka shafti na kubanwa ndani kabisa. Nikaichokonoa na sindano ya kushonea makuti. Ikaanza kufunguka. Ni mshipi! Mshipi wa nailoni, ule mnene wa kuvulia changu na chewa, umejizungusha mara nyingi sana, ukapata moto, ukayeyuka ukawa kama plastiki ya ndoo. Nilipoumaliza kuutoa ulikuwa pima mbili na ushei, na ncha yake ilikuwa na fundo. Fundo hilo nalijua. Ni fundo la Ami.

Sikumwambia chochote. Niliuweka juu ya meza ya kahawa kwenye daka, baraza la mlangoni, nikaondoka. Niliporudi haukuwapo.

Sasa kwa nini mshipi uwe na kesi na maji? Shafti ya propela inatokea nje ya giaboksi kupitia sili mbili, pete za mpira zenye mdomo mwembamba unaoikumbata shafti, na ndani ya mdomo kuna springi ndogo iliyozungushwa ili mpira usilegee. Mdomo wa sili ya nje unatazama baharini. Hapo ndipo mpaka ulipo: upande huu bahari, upande huu oili, katikati ni upana wa ukucha. Mshipi ukiingia nyuma ya propela unajisokota ukielekea ndani, unafika kwenye mdomo ule, unaukata. Fundi wa Wiyoni ananiambia mashine nyingi anazoletewa na wavuvi zimeuawa namna hiyo, na kwamba yeye kila mara akitoa propela anapapasa hapo kwanza.

Nilitazama kwa taa ya kichwani. Mdomo wa sili ya nje ulikuwa umechanika kama sikio la paka mpiganaji. Nikafurahi sana. Nikadhani kesi imekwisha.

Kubeba sili mbili hizo kuna kifuniko kinachoingia kwenye giaboksi kama kizibo, kimeshikwa na bolti mbili, kina oringi yake, pete ya mpira ya kuziba. Bolti zilitoka. Kifuniko kikakataa. Chumvi inapokaa kati ya aluminiamu na aluminiamu miaka mingi inageuka unga mweupe mgumu kuliko chokaa ya nyumba hizi. Nyundo haikusaidia. Kilichosaidia ni birika. Mama alikuwa amechemsha maji ya chai, nikayamimina taratibu kwenye nyumba ya nje, si kwenye kifuniko, aluminiamu ikatanuka, nikagonga masikio ya kifuniko kwa mti, kulia, kushoto, kulia. Birika la tatu likakitoa. Chai ya leo ilichelewa, na hilo nalo nililipia kwa kwenda kununua mahamri.

Angalizo: kikitoka, kinatoka na shafti na gia ya nyuma, na kati yake kuna washa nyembamba kama karatasi. Ile si takataka. Ndiyo inayoamua gia zikae umbali gani. Nimeiweka kwenye kasha la simu, pamoja na mchoro. Gia zenyewe ni nzima, nashukuru. Nimezihesabu meno: kubwa 27, ndogo 13. Maana yake kichwa kinazunguka mara mbili na kidogo ndipo propela izunguke mara moja.

Kosa la leo, na naliandika ili lisije likasemwa na mwingine: nilipong'oa sili kuukuu nilitumia bisibisi, ikateleza, ikapiga mkwaruzo kwenye ukuta wa kifuniko mahali sili inapokaa. Mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele. Nikapitisha kidole, nikajiambia si kitu.

Jumatano

Sili zimefika kutoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, na kutoka Mokowe kwa boti. Kila sili imeandikwa namba tatu ubavuni: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje, unene. Nilipima za zamani kwa kalipa kuhakikisha, maana namba ya moja ilikuwa imefutika.

Kabla ya hapo nilipata sili za saizi ileile kwenye duka la vipuri vya pikipiki, bei nusu. Fundi akanionya: springi ya sili ya pikipiki ni chuma cha kawaida, ya baharini ni chuma kisichoshika kutu. Mimi mbishi. Jumapili usiku nilitumbukiza moja kwenye kikombe cha maji ya bahari, nikakiweka dirishani kando ya chupa ya jamu. Leo springi imekuwa nyekundu na maji yamekuwa rangi ya ukwaju. Siku tatu tu. Springi ikilika, mdomo unalegea, na sili bado inaonekana nzima kwa macho.

Chupa ya jamu nayo imetengana: chini maji ya ukungu unene wa vidole viwili, juu uji ambao haujakubali kuachana.

Ijumaa

Baada ya swala. Nimepachika sili mbili mpya. Hazigongwi na nyundo moja kwa moja. Unatafuta soketi yenye upana sawa na ukingo wake wa nje, unagonga juu ya soketi kidogo kidogo, ziingie sawa. Kati ya sili na sili nimejaza grisi ya baharini. Oringi mpya, grisi, kifuniko kikaingia kwa mkono.

Oili: ya gia za mashine za baharini, 80W-90. Hujazwa kutoka chini, si juu. Ukimimina kwa juu hewa inanaswa ndani na unadhani imejaa kumbe nusu. Unaingiza mpira wa chupa kwenye tundu la chini, unaminya mpaka oili itoke tundu la juu bila mapovu, unafunga la juu kwanza, ndipo unachomoa mpira na kufunga la chini haraka. La juu likishafungwa, oili haina hewa ya kuisukuma, inasita kidogo. Imeingia robo lita, mililita 250, kama inavyotakiwa.

Ami ameichukua mashine kabla ya Magharibi. Kaskazi inakaribia, wageni wameanza kuteremka uwanja wa ndege wa Manda, na kila siku boti ikikaa ni nauli zinazopita na boti za wengine. Nilijua kwamba nilipaswa kuipima kwanza kwa upepo. Sikuwa na pampu yenye geji. Nikairuhusu.

Alhamisi ya pili

Ami amekuja kibandani, hakusema neno, akaweka juu ya kioo cha kaunta kijiko cheupe. Ndani yake kuna tone. Chai ya maziwa.

Wateja wawili walikuwapo. Mmoja akauliza kama hiyo ni dawa.

Jumamosi, maji mafu tena

Nimeanza upya, na safari hii sinunui kitu mpaka nione maji yanaingilia wapi kwa macho yangu.

Kifaa nimekitengeneza hivi. Bolti inayolingana na uzi wa skrubu ya juu ya giaboksi, nikaitoboa katikati kwa kekee toka kichwa hadi ncha. Kichwani nikagandisha valvu ya tairi la pikipiki kwa epoksi, nikaiacha usiku mzima. Pampu ya mkono yenye geji nimeazima kwa kijana anayetia upepo mikokoteni. Oili yote nje. Skrubu ya chini imefungwa. Kisha nimeushusha mguu wote kutoka kwenye mashine, kwa sababu ukiuacha juu huwezi kuona shafti ndefu inayoteremka kutoka kichwani, na hiyo nayo ina sili zake, chini ya pampu ya maji.

Kuushusha ni bolti nne, pamoja na kuachanisha fimbo ya gia. Tatu zilitoka kama watoto wa shule saa ya kwenda nyumbani. Ya nne ilinichukua toka saa tatu mpaka Adhuhuri. Oili ya kulegeza kutu, moto wa jiko la gesi, ngoja, kaza kidogo badala ya kulegeza, legeza, moto tena. Unapoona bolti inapinda kama tambi badala ya kuzunguka, acha, kanywe maji. Nilikwenda kunywa maji mara nne. Ikatoka nzima.

Mguu nikautumbukiza kwenye beseni kubwa la kufulia (Mama hajui, na hasomi haya), maji yakafunika mpaka juu ya pampu ya maji. Nikatia upepo. Pauni 5 kwanza, kisha 10. Fundi ameniambia nisipite 15, maana sili nzima inaweza kusukumwa ikatoka mahali pake, ukajitengenezea ugonjwa.

Geji ikasimama kwenye 10. Nikangoja dakika tano. Hakuna kitu. Ami, aliyekuwa ameketi ngazini na tasbihi, akanitazama kama anayesema, unaona?

Ndipo nikaushika mwisho wa shafti ndefu nikauzungusha.

Robo mzunguko, povu. Si povu moja, bali mkufu wa mapovu, kutoka chini ya bamba la pampu ya maji. Nikasimamisha shafti, mapovu yakakoma. Nikazungusha tena, yakaja, mahali palepale pa mzunguko. Geji ikawa inateremka. Ami akashuka ngazi mbili.

"Zungusha tena," akasema. Nikazungusha. "Tena."

Tukacheza mchezo huo mpaka upepo ukaisha. Nikatia mwingine, na safari hii nikasogeza fimbo ya gia mbele na nyuma. Hapo hapakutoka kitu. Nikazungusha shafti ya propela, zile sili mpya. Mdomoni hakuna kitu, safi. Lakini kwenye ukingo wa nje wa sili, pembeni, povu dogo, linakua polepole, linajitenga, linapanda. Nikahesabu mpaka kumi na mbili, likaja lingine. Mahali pa punje ya mchele. Pale pale bisibisi ilipoteleza.

Kwa hiyo mianya ni miwili, na mmoja niliutoboa mwenyewe.

Kitu kingine nilichokielewa leo kwenye beseni: mbona maji yanaingia kwa wingi hivi ilhali mapovu ni machache? Jibu liko kwenye namna Ami anavyofanya kazi. Anakimbia kutoka Lamu hadi Manda, giaboksi inapata joto, hewa na oili mle ndani vinatanuka. Anafika, anazima, anauacha mguu ndani ya maji, yeye anakwenda kusalimiana na watu. Giaboksi inapoa ghafla, kilichomo kinasinyaa, na pale penye mwanya inavuta kama mtoto anavyovuta dafu kwa mrija. Safari nane kwa siku, mivuto minane. Nimemwambia akizima ainue mguu. Amesema ataangalia.

Jumapili

Nimefungua pampu ya maji. Ni kifuniko chenye kikombe cha chuma ndani, na impela ya mpira yenye mabawa, iliyoshikwa kwenye shafti na kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi. Kipande hicho kikidondoka mchangani hukioni tena, na bila hicho mashine haivuti maji ya kujipoozea. Nilitandika kikoi cheupe chini kabla ya kuvuta. Impela yenyewe ilikuwa imekakamaa na bawa moja limekatika nusu. Nimebadilisha, hata kama haikuwa kesi yetu.

Chini ya impela bamba, chini ya bamba kikombe kinachobeba sili mbili za shafti ndefu. Nikachomoa kikombe. Sili zilikuwa zimekauka ngumu, lakini bado nzima. Shafti ndiyo iliyokuwa mbaya. Mdomo wa sili umekaa palepale kwa miaka, na mchanga wa Shela na chumvi vikafanya kazi ya msasa. Umechimba mfereji, pete inayong'aa kuzunguka shafti. Ukipitisha ukucha unanasa. Na upande mmoja mfereji umezama kuliko mwingine, ndiyo maana povu lilikuja kwa mahali pamoja pa mzunguko.

Ningebadilisha sili mara kumi, zote zingekaa ndani ya mfereji uleule. Hilo lilinikaa kichwani mchana kutwa.

Shafti mpya ni pesa ambazo Ami hana na mimi sina. Duka moja la Mombasa likaniambia kwa simu wanayo iliyotumika, nikaomba picha. Picha ikaja na mfereji wake pia, mzuri kuliko wetu. Fundi wa Wiyoni akanipa njia ya tatu: usiuhamishe mfereji, hamisha sili. Kikombe kina nafasi ya milimita mbili juu ya sili ya juu. Ukiweka kipande cha kunyanyulia chini ya sili ya kwanza, zote mbili zinapanda kidogo, na midomo inakumbata sehemu ya shafti ambayo haijawahi kuguswa.

Jumanne

Kipande nimekikata kwenye plastiki ngumu, unene milimita 1.5 kwa kalipa, pete kamili bila pengo. Ya kwanza niliiharibu, ya pili ilikuwa yai, ya tatu imekaa. Shafti nimeisugua kwa msasa namba 600 na maji, kuzunguka, si kwenda juu na chini, ili kingo za mfereji zisiuchane mdomo mpya unapopita. Sili mbili mpya, grisi kati, oringi mpya ya kikombe. Kwenye kuivusha sili juu ya ncha ya shafti yenye meno, nilivika shafti kipande cha mfuko wa maziwa kilichopakwa grisi. Fundi alicheka, kisha akasema atafanya vivyo hivyo.

Kifuniko cha propela: nimetoa sili ya nje (sasa kwa kuikunja na tindo ndogo, si bisibisi), nimelainisha mkwaruzo, nimepaka gundi ya gasketi nyembamba kwenye ukingo wa nje wa sili nyingine, nimegonga, nimeiacha ikauke mpaka asubuhi ya pili. Washa ndogo za skrubu mbili za oili nazo mpya. Za zamani zilikuwa bapa kama noti. Vitu vya bei ya andazi, na mara ya kwanza nilivirudisha vilevile kwa uvivu.

Alhamisi

Upepo pauni 10, shafti zote mbili zikizungushwa, fimbo ya gia ikisogezwa, dakika kumi na tano kwenye beseni. Hakuna povu hata moja. Nimerudia mara tatu, ya tatu ni kwa ajili ya Ami.

Lakini upepo unasukuma kutoka ndani kwenda nje, na bahari inasukuma kutoka nje kwenda ndani. Sili inaweza kukataa upande mmoja ikakubali mwingine. Pampu ya kuvuta hewa sina. Nilichopata ni bomba la sindano la mililita 60, lile kubwa la kuchomea punda, jipya. Nikaliunganisha kwa mpira kwenye tundu la juu, nikavuta mpini mpaka mwisho, nikangoja nimeushika kwa dakika tano, nikauachia. Kama hewa haikuingia, mpini unarudi wenyewe ulikotoka. Kama imeingia, unabaki nje kwa kiasi cha hewa iliyoingia. Kwanza nilijaribu kwa kuuziba mpira kwa kidole, nijue ukakamavu wa bomba lenyewe: ulirudi ukakwama kwenye 3. Kwenye giaboksi umerudi ukakwama kwenye 5.

Tofauti ni mililita mbili, na sijui inapita wapi, kwa kuwa ukivuta hakuna povu la kukuonyesha. Nashuku sili ya fimbo ya gia, ndiyo pekee sijaibadilisha. Nimeiagiza. Ami hataki kungoja, na kwa haki, wiki ya tatu inakwisha. Tumejaza oili.

Jumamosi, bamvua (maji makubwa)

Tulitoka alfajiri maji yakijaa, tukapita Mkanda wakati mikoko imesimama ndani ya maji hadi kiunoni, tukaenda kuangalia madema, mitego ya samaki, ya upande wa Pate. Mashine haikulia ilipoingia gia. Mchana maji yalikupwa yakatuacha juu ya tope saa nyingi, tukala wali wa nazi uliopoa na papa, tukalala chini ya turubai. Tulirudi jioni maji yalipojaa tena. Njiani, kila Ami alipozima, nilimtazama mkono. Mara ya kwanza aliusahau mguu majini. Mara ya pili aliuinua akanitazama.

Jumapili

Imesimama usiku kucha. Asubuhi nimelegeza skrubu ya chini robo mzunguko, kijiko cheupe. Tone la kwanza, ambalo wiki tatu zilizopita lilikuwa maji ya chumvi, leo ni oili. Rangi ya asali mbichi. Pembeni yake, ukiinamisha kijiko kwenye jua, kuna ukungu mwembamba sana ambao Ami anasema haupo.

Nimemwekea alama kwenye kalenda ya ukutani: kijiko kila Jumapili. Sili ya fimbo ya gia iko kwenye basi. Na leo, nilipokwenda kutoa propela, nilikuta Ami ameshaitoa mwenyewe, yuko chini kwenye ngazi za gati, anapapasa nyuma ya washa kwa kidole.